Miguu ya Meza ya Timau

Vijana wangu wa karakana, mliponiaga nilipostaafu mlininunulia kochi jipya la sponji, jekundu kama nyanya iliyoiva kupita kiasi. Nimelikalia. Ni laini, na nawashukuru. Lakini nadhani mlipokuwa mkilisukuma kupitia mlango wangu, kila mmoja wenu aliwaza nilichowaza mimi: kwamba mtu aliyetumia maisha yake kufufua viti vya watu waliokwisha kufa ameagwa kwa kiti ambacho sponji yake italala kabla ya mvua za mwaka ujao. Basi, kwa kuwa sasa nina pa kukaa na sina pa kwenda, nitawaandikia kidogo.

Sitaandika lini nilikabidhiwa funguo za karakana wala kazi ililipa vipi. Hayo mnayajua, na yanachosha. Nitaandika miaka ya tisini, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Iliyofuata ilikuwa ya kurudia niliyojifunza, na mara nyingine ya kubishana nanyi kuhusu gundi.

Kabla ya karakana nilikuwa nashona sare za shule kwenye veranda ya duka moja hapa Nkubu, na sikuwa na habari yoyote na mbao. Siku moja Mzee Njeru alikuja amebeba kiti mgongoni, miguu ya kiti ikiangalia mbinguni, akakiweka mbele ya cherehani yangu polepole kama mtu anayemlaza mgonjwa. Alikuwa mtu wa Embu, mrefu, mwenye koti la kazi ambalo zamani lilikuwa la buluu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya kinu cha unga, na watu wa soko walimwita Daktari wa Viti, wengine kwa heshima na wengine kwa kicheko.

"Unashona ngozi?" aliniuliza.

"Nashona kaptura."

"Kaptura pia inakaliwa. Kuja."

Siku ya kwanza hakunipa sindano. Alinipa koleo, akanionyesha kiti kingine, kikubwa, cha kuegemea, akasema neno moja: "Fungua." Nikafungua. Chini ya kitambaa cha juu kulikuwa na kitambaa cha maua, na chini ya maua kulikuwa na mistari. Kila aliyekimiliki kile kiti alikuwa amekivika nguo mpya juu ya zile kuukuu. Misumari midogo ilikuwa mingi kuliko nyota, na yote ilikuwa na kutu. Nilipofika kwenye gunia lililotandikwa chini ya vitambaa hivyo nilikuta kitana, maganda ya njugu, na jino la mtoto. Chini kabisa kulikuwa na manyoya ya farasi, meusi, yamejikunja, yananuka vumbi na mbwa. Vidole vyangu vilikuwa vinatoka damu. Niliyakumbatia yale manyoya nikaanza kuyapeleka jalalani.

"Unapeleka wapi hiyo?" Njeru aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ni takataka, mzee."

"Imekaliwa na watu kutoka kabla mama yako azaliwe, na ukiifinya bado inaruka. Wewe ukikaliwa hivyo, utaruka?" Aliniacha nifikirie. "Usitupe kitu kama hujajua kilikuwa kinafanya kazi gani."

Tuliyaosha yale manyoya kwa sabuni ya kipande, tukayaanika juu ya mabati, nikayachambua kwa mkono na kuyarudisha kwenye kiti. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimeacha kazi ya kaptura. Akauliza sasa nafanya nini. Nikamwambia namwosha farasi.

Kinu cha unga mnakijua kwa hadithi tu, kwa sababu kilihamishwa kabla yenu. Kilikuwa adui yetu mkubwa. Shelaki, ile polishi yetu ya kung'arisha mbao, mnajua, inataka hewa iliyotulia. Unachovya ndani yake pamba iliyofungwa kitambaa, unaizungusha juu ya mbao, na vumbi likitua kabla haijakauka utapata meza yenye upele. Ukuta wetu ulitetemeka tangu mama wa kwanza afike na debe lake la mahindi hadi jioni. Kwa hiyo tulipiga polishi alfajiri, kabla kinu hakijawashwa, na Njeru alikuwa na urafiki mkubwa na mwenye kinu, urafiki wa kumpelekea chai na maandazi ili achelewe kidogo.

Tabu nyingine ya kinu ilikuwa bungua. Fenicha yenye bungua hai hutoa unga mwembamba kwenye vitundu vyake. Ukiona unga mpya, mdudu yuko ndani bado anakula. Sasa sisi tuliishi ndani ya unga. Kila kiti kilichokaa kwetu kilionekana kuwa na bungua. Njeru aligusa unga kwa kidole, akauweka ulimini, akafunga macho. "Hii ni mahindi," alisema, na tukaendelea. Mara nyingine alitema mate, na tukajua kwamba hiyo haikuwa mahindi. Sikuwahi kumwiga. Nilipuliza vitundu vyote, nikatandika karatasi nyeusi chini ya kiti, nikakifunika kwa shuka, nikaangalia kesho yake. Fanyeni hivyo.

Tulinunua vitu vyetu minadani na majumbani, tukizunguka kwa pikapu yake ambayo nayo ilihitaji fundi. Tulifika Timau, tulifika Embu mjini, na tulifika parokia ambako paroko mpya alitaka viti vya chuma. Njeru alinifundisha kwamba fenicha haiangaliwi uso. Uso ni wa wageni. Pindua kiti, lala chini ya meza, chomoa droo uangalie nyuma yake, mahali ambapo aliyeitengeneza hakutarajia kuonekana. Kama huko nako amefanya kazi safi, nunua. Kama kuna misumari mipya inayong'aa mahali pa ulimi na tundu, pale mbao mbili zinapoungana, mtu amekarabati kwa haraka, na utalipia haraka yake. Nusa droo. Harufu ya ukungu hutoka. Harufu ya mafuta ya taa iliyoingia kwenye mbao haitoki, hata ukiiombea.

Wateja hawakuwa wengi. Miaka ile kila aliyeajiriwa alitaka kabati la ukutani lenye vioo na seti ya makochi yenye mikono minene. Vitu vya zamani vilikuwa vya wanasheria wachache wa Meru mjini, watawa, na watu wenye sababu zao. Kulikuwa na mfanyabiashara wa miraa wa Mikinduri aliyenunua kwetu kabati la nguo kubwa kama duka. Tulipolifikisha kwake halikupita mlangoni, naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuamua haraka, alituma nyundo iletwe ili ukuta uvunjwe. Njeru alimwomba kwanza anywe maji. Kisha alipapasa ndani ya kabati, akagonga kabari moja, akagonga nyingine, na kabati lote likafunguka vipande vipande, likaingia, likasimama tena. Yule bwana alilizunguka kwa muda. "Kumbe ni hema," alisema.

Na wateja wetu walipenda vitambaa. Tulitoa jasho kuipa meza mng'ao wa maji ya kisima, na siku ya kuipeleka mama mwenye nyumba alituandalia chai, akatoa kitambaa alichofuma mwenyewe, kisha kingine cha katikati, kisha plastiki juu ya vyote. Mwanzoni nilihuzunika. Njeru aliniambia kitambaa ni kizuri kuliko sufuria ya moto, ila plastiki ndiyo mbaya kwa sababu mbao haipumui. Waambieni wateja waitoe hiyo plastiki. Waambieni pia wasiweke meza dirishani jua linapopiga, na wasiifute kwa mafuta ya kupikia ili ing'ae, maana itang'aa kwa siku moja na kunata kwa mwaka. Nta inatosha. Yetu tulinunua kwa akina mama wa Mbeere waliokuja na asali, tukaiyeyusha taratibu ndani ya maji ya moto, tukachanganya na tapentaini mbali na jiko. Mara mbili kwa mwaka, kidogo tu, na kusugua kwingi.

Sasa niwaeleze habari ya meza, maana ndiyo mnayoniulizaga kila mara, na mmekuwa mkiisimulia vibaya.

Katikati ya miaka ile kulikuwa na shamba la ngano upande wa Timau lililouzwa, na vyombo vya nyumba vikapigwa mnada uani. Kati yake kulikuwa na meza ya kulia ya mvule, nzito, yenye miguu iliyochongwa kwa mashine ya kukereza, kila mguu ukiishia kwa unyayo kama wa simba. Ilikuwa safi chini na juu isipokuwa mahali pamoja. Karibu na ukingo kulikuwa na alama nyeusi ya kuungua, yenye umbo la pua ya pasi. Iliingia ndani sana. Kwa sababu ya alama ile wengine hawakuitaka, nasi tukaipata.

Nilikuwa nimeshaanza kuikwangua nta ya zamani pale karakanani wakati Mwalimu Wawira alipoingia. Alifundisha shule ya msingi kule Kanja, Embu, na alikuwa amekuja Nkubu kumwona mgonjwa hospitalini. Alisema anatafuta kabati dogo la vyombo. Nilimwonyesha makabati, lakini hakuwa ananisikia. Alikuwa amesimama mbele ya meza, na kidole chake kilikuwa kinafuata ukingo wa ile alama.

"Hii imetoka wapi?" aliuliza.

"Timau. Kwa mzungu mmoja wa ngano."

Alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa. Akatueleza kwamba mama yake, akiwa msichana ambaye hajaolewa, alifanya kazi ya nyumba kwa mzungu wa ngano huko Timau. Hakupenda kusimulia siku zile. Lakini watoto wake walijua jambo moja, kwa sababu kila walipopiga pasi aliwaambia: msiache pasi ya makaa juu ya kitu, mimi nilichoma meza ya mzungu yenye miguu ya simba, nikafukuzwa.

"Meza zilizoungua ni nyingi, mwalimu," Njeru alisema kwa upole. Hakuwa mtu wa kuuza kitu kwa hadithi.

"Za miguu ya simba pia ni nyingi?"

Njeru alikuna kidevu. "Si nyingi."

Mwalimu aliinunua. Alituomba tuing'arishe yote, ila ile alama tusiiguse kabisa. "Hiyo ndiyo yake," alisema. "Nataka aketi kwa hii meza kama mwenye nyumba, na hiyo alama iwe mbele yake, ajue imeisha." Aliongea akitabasamu na macho yakiwa na maji. Niliifanyia kazi ile meza kama inakwenda arusini. Nilizunguka ile alama kwa pamba kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayefagia karibu na mtoto aliyelala.

Tuliipeleka Kanja siku ya Jumamosi, mimi na Njeru mbele ya pikapu, meza nyuma imefungwa blanketi. Mwalimu alikuwa amewaita jirani wachache na kupika. Mama yake, ambaye wote walimwita Cucu, yaani nyanya, alikuwa ameketi kwenye kiti chake kifupi cha miguu mitatu mlangoni, akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa mdogo wa mwili, macho yake hayakuwa na nguvu tena, na magoti yalikuwa yamemkatalia. Tuliingiza meza sebuleni. Mwalimu alimshika mkono, akamleta polepole, akaweka kiganja cha mama yake juu ya mbao.

"Mama, unaijua hii?"

Cucu alipapasa ukingo. Aliinama kidogo, akapeleka mkono chini, ubavuni, mahali ambapo skrubu moja ilikuwa imechomoza kidogo tangu zamani na sisi tukaiacha kwa sababu ilikuwa imeshika vizuri. Aliigusa. "Hii ndiyo ilipasua kitambaa changu cha kichwa," alisema kwa Kiembu, na Kimeru changu kilinitosha kumwelewa. Kisha mkono ukapanda juu tena, ukaifikia alama, ukasimama hapo.

Jirani walisogea karibu. Mwalimu alikuwa analia tayari.

"Mbona hamjaitoa?" Cucu aliuliza.

Mwalimu alijaribu kumweleza. Alisema ni ukumbusho. Alisema sasa meza ni yake, na alama ni yake, na hakuna wa kumfukuza.

"Mimi nilifukuzwa kwa sababu ya hii kitu," Cucu alisema, bila kupandisha sauti. "Mtoto wa mzungu alilia, mamake akaniita nikimbie, nikakimbia, pasi ikabaki. Jioni hiyo nikaondoka na nguo nilizovaa. Na nyinyi mmeitunza kama picha ya arusi." Aliondoa mkono. "Itoeni. Na miguu mkate."

"Kukata?" Njeru alisema.

"Ni ndefu."

Mnajua Njeru alikuwa na sheria nyingi, lakini iliyokuwa juu ya zote ni hii: hatukati. Kitu kilichosalimika miaka yote hiyo, kikahamishwa, kikashushwa na kupakiwa, hakiwezi kuja kukatwa na sisi ambao kazi yetu ni kukiponya. Alikuwa mtu wa Embu mbele ya mama wa Embu mwenye umri wa kumzaa, na hakuweza kumbishia. "Mimi siwezi, mama," alisema mwishowe, akinionyesha mimi. "Muulizeni huyu." Akatoka nje, akaenda kuketi ndani ya pikapu.

Mwalimu naye alitoka, kwa mlango wa nyuma, akasimama karibu na migomba akitupa mgongo. Nilimfuata kwanza yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyeinunua. Alisema amejinyima muda mrefu kwa ajili ya siku hii, na kwamba alidhani mama yake atafurahi. "Hata asante hajasema," alisema. "Amesema tukate."

Nilimwacha hapo migombani. Nikarudi ndani, nikachuchumaa mbele ya Cucu, ambaye alikuwa amesharudi kwenye kiti chake kifupi na ungo wake.

"Cucu, nikikata, haiwezi kurefuka tena. Na ni meza nzuri. Tunaweza kukuletea kiti cha juu chenye mto, ukae vizuri, tukusaidie kupanda."

Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe. "Nilisimama kando ya hiyo meza miaka," alisema. "Nikileta sahani, nikitoa sahani. Sikuwahi kuikalia. Sasa siwezi kusimama, na huko juu kwao sitaki kupandishwa kama mtoto. Mimi naketi hapa. Wakati wote nimeketi hapa, nimelea hao watoto nikiketi hapa. Kama ni yangu, ishuke ije nilipo mimi."

Nilipomweleza mwalimu maneno hayo alivunja jani kavu la mgomba vipande vidogo. Kisha akasema, "Basi ikate, fundi. Ni yake."

Tuliirudisha Nkubu. Njeru aliitukana gia njia yote. Karakanani aliniachia meza, akaenda kona ya mbali kunoa patasi ambazo zilikuwa kali tayari.

Nitawaambia nilivyofanya, kwa sababu baadhi yenu huwa mnasema nilikata tu kwa msumeno kama kuni. Nisingekata kutoka chini, maana ningepoteza nyayo za simba, na meza ingebaki na vigutu. Nilikata katikati ya mguu, chini ya goti lililokerezwa, nikaondoa kipande kwenye kila mguu, kisha nikaurudisha unyayo kwa kigingi kinene cha muuru, ule mti mgumu wa huku kwetu, kilichoingia juu na chini, kwa gundi ya moto. Kabla ya kukata nilikwenda tena Kanja nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye viwiko vya Cucu akiwa ameketi kwenye kiti chake. Alicheka. Alisema hajapimwa na fundi tangu gauni la arusi.

Niliweka msumeno kwenye mguu wa kwanza. Nilisikia kunoa kule konani kumesimama. Nikakata. Harufu ya mvule ilitoka, kali kama pilipili, mbao ya kahawia iliyoiva ambayo hakuna jua lililowahi kuifikia. Kunoa kukaanza tena.

Kisha ile alama. Niliikwangua nikaona kwamba nikiifuata mpaka iishe nitabaki na shimo kama bakuli. Ilibidi kiraka, na kiraka cha mbao mpya kwenye mvule ya zamani huonekana kutoka barabarani. Nilitafuta kwenye vipande vyetu vyote. Nilikuwa nimeketi nimekata tamaa pale nilipoangalia sakafuni na kuona vipande vya miguu. Mti ule ule na umri ule ule, uliopigwa na hewa ya nyumba ile ile. Nikapasua kimoja kwa kufuata nyuzi zake, nikakata kiraka chenye pembe nne zilizokaa kwa mshazari ili jicho lisipate mstari wa kusimama, nikachimba mahali pake kwa patasi, nikakikaza. Niliporanda na kupiga shelaki, niliita mwenye kinu aje aniambie kiraka kiko wapi. Alionyesha mahali pengine kabisa.

Njeru hakuitwa na hakuja.

Siku ya kuipeleka alikuja kuendesha, kwa kuwa pikapu haikumtii mtu mwingine. Hapakuwa na jirani safari hii. Tuliweka meza mbele ya kiti cha Cucu, pale pale mlangoni penye mwanga. Ilimfikia viwikoni. Alipitisha kiganja juu yake, kutoka pembe hii hadi ile, akarudi, akarudia karibu na ukingo, polepole.

"Ilikuwa wapi?" aliuliza.

"Hapo hapo, Cucu."

"Hapa?"

"Hapo."

Alibaki na mkono pale. Halafu aliinua ungo wake na kumwaga maharagwe yote juu ya meza yangu iliyopigwa polishi kwa siku nzima. Nilisikia mawe yakikwaruza. Mwalimu alinyanyuka upesi kwenda kuleta kitambaa, na mama yake akamshika sketi.

"Wacha kitambaa. Kaa. Chambua na mimi."

Mwalimu alivuta kigoda akakaa upande wa pili. Walichambua pamoja. Kisha Cucu, bila kuulizwa, akaanza kusimulia baridi ya Timau, jinsi ilivyokuwa ikipasua midomo, na msichana mwenzake wa jikoni aliyeitwa Kanyua ambaye walilala kitanda kimoja na kuimba nyimbo za nyumbani mpaka wakaambiwa wanyamaze, na lori la ngano lililompandisha jioni ile aliyofukuzwa, dereva akampa koti lake na asimdai kitu. Alisimulia mengi. Mwalimu alikuwa ameacha kuchambua. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa na zaidi ya miaka arobaini na hakuwahi kusikia jina la Kanyua.

Nilitoka nje kuwaachia nafasi. Njeru hakuwa kwenye pikapu. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mlango, uso karibu na sakafu, akichungulia miguu ya meza kupitia kwenye uwazi, na mimi nikajifanya sikumwona. Tulipokuwa tunapita Runyenjes kurudi, alisafisha koo.

"Kigingi ni cha nini?"

"Muuru."

"Umekiingiza kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Alikwepa shimo barabarani.

"Imesimama," alisema. Na hilo, kwa Njeru, lilikuwa hotuba. Baada ya siku ile alianza kunituma minadani peke yangu, na mtu alipouliza karakana ni ya nani, alisema ni yetu.

Cucu alitumia meza ile mpaka mwisho wa siku zake, na Njeru naye amekwisha kutangulia. Mwezi uliopita, nikiwa sina kazi tena, nilikwenda Kanja kumsalimu Mwalimu Wawira. Yeye pia amestaafu. Nilimkuta mlangoni, kwenye kiti kifupi, na wajukuu wawili wamepiga magoti upande wa pili wa meza wakiandika kazi ya shule. Mbao ile imechoka: ina mikwaruzo ya mawe ya maharagwe, mistari ya kisu, duara la kikombe, na jina la mtoto mmoja limeandikwa kwa kalamu ya wino na kusuguliwa bila mafanikio. Mwalimu aliona ninavyoangalia, akaona haya kidogo.

"Nimetaka kuileta karakanani siku nyingi," alisema. "Nione kama vijana wako wataweza kuirudisha ilivyokuwa."

Niliinama, nikaangalia maungio yangu kwenye miguu. Nikapitisha kiganja juu, kutoka pembe hii hadi ile. Mmoja wa watoto aliinua daftari lake ili mkono wangu upite, akalirudisha, akaendelea kuandika.

"Bado, mwalimu," nikamwambia. "Bado inatumika."